Ndege kubeba AC na DC pamoja: DC pekee si ingetosha?

#1 FundiSola_Langoni
Asalaam aleikum. Nafunga sola Lamu mjini, Shela na Matondoni, kwa hiyo DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, ndiyo riziki yangu. Majuzi nilikuwa Manda kupokea mzigo wa paneli, nikaona Caravan, ile ndege ndogo ya propela moja, imechomekwa kigari cha umeme ubavuni ili iwashwe. Kijana wa pale akanambia hiyo ni DC, volti 28. Sawa, naielewa. Akaongeza kwamba Dash 8, ile ndege ya abiria ya propela mbili, ina DC hiyo hiyo na juu yake ina jenereta za AC, umeme unaogeuka kwenda na kurudi, na kwamba madege makubwa ya Nairobi hutegemea AC ya volti 115 yenye hezi 400, yaani mizunguko 400 kwa sekunde. Mia nne, ndugu zangu, na stima ya nyumbani ni hezi 50!

Dai langu ni hili: AC kwenye ndege ni mazoea ya kurithi. Betri ni DC. Redio ndani yake ni DC. Kompyuta ni DC, taa za LED ni DC. Kila kifaa cha AC kinachoingia ndegeni mwishowe kinageuzwa kuwa DC. Basi kwa nini kubeba mifumo miwili na vigeuzi katikati, wakati kila kilo hewani ni pesa? Anayejua aje na sababu, si "ndivyo ilivyo".

#2 AbuMtepe
Wa aleikum salaam. Fundi sola akisema DC inatosha ni kama muuza halua akisema chakula kimetosha. Naketi hapa nisome.

#3 Mwalimu_Fizikia_MLD
Fundi, hesabu kwanza. Jenereta ya Caravan hutoa ampea 200 kwa volti 28. Zidisha: wati 5,600. Kwa ndege ya abiria wachache inatosha kabisa, na hapo dai lako ni sahihi. Sasa chukua Boeing 737 za kizazi cha NG. Jenereta yake moja ni kVA 90, yaani volti mara ampea ni 90,000, na kila injini ina yake. Ukitaka kutoa nguvu hiyo kwa volti 28 utahitaji ampea zaidi ya 3,200. Waya wa kubeba ampea hizo kutoka kwenye bawa mpaka mbele kwa rubani utauinua wewe? Kwa AC ya fezi tatu, volti 115 kwa fezi, ni ampea kama 260 kwa kila waya. Upotevu wa joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa ampea. Sababu ni volti, na AC hupandishwa na kushushwa volti kwa transfoma, kitu kisicho na sehemu hata moja inayozunguka.

#4 FundiSola_Langoni
Mwalimu shukran, lakini umejibu swali la volti, hukujibu la AC. Mimi nafunga paneli mfululizo mpaka napata DC ya volti 300 na zaidi kabla haijaingia kwenye inveta, kigeuzi cha DC kuwa AC. Wape ndege DC ya volti 270 na hesabu yako ya ampea imekwisha. AC ya nini?

#5 KapteniShela
Wapigie makofi hao wawili. Mimi nilidhani wanaweka AC ili abiria wasipigwe na stima, maana DC inashika mtu haimwachi.

#6 Mwalimu_Fizikia_MLD
Kapteni, hapana. Volti 115 za AC zinaua vizuri tu. Volti 28 za DC ndizo zisizotisha ngozi kavu, ila pete ya dhahabu ikigusa betri ile na bodi kwa pamoja, kidole kinaungua mpaka mfupani. Mafundi wa ndege huvua pete na saa kwa sababu hiyo.

#7 MzeeWaHanga
Nimefanya kazi ya ndege uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka mingi, sasa napumzika Malindi. Wanangu, mnabishana juu ya kitu ambacho mashine yenyewe haikijui. Hakuna jenereta ya kawaida ya kuzunguka inayozaa DC moja kwa moja. Koili ikipita mbele ya sumaku, umeme unaotoka hugeuka kwenda na kurudi, yaani AC. Kwenye jenereta ya DC kuna komuteta na brashi za kaboni zinazoupindua kila nusu mzunguko ndipo utoke upande mmoja. Alteneta ya Cessna 172 ndani ni AC ya fezi tatu, diodi sita zinainyoosha pale pale, inatoka ikiitwa DC.

Swali la Fundi linapaswa kuwa: tuigeuze wapi? Ukigeuza ndani ya jenereta kwa brashi, unalipa kwa brashi. Wakati wa Vita vya Pili, ndege zilipoanza kupanda juu sana, brashi zilikuwa zinaisha kwa saa chache tu. Kaboni inahitaji unyevu kidogo wa hewa ili iteleze juu ya shaba, na huko juu hewa ni kavu mno. Ilibidi watie dawa ndani ya brashi zenyewe. Jenereta ya AC ya kisasa haina brashi hata moja. Hiyo ni sababu ambayo Mwalimu hakuigusa, na mimi naiweka mbele ya volti.

#8 AbuMtepe
Mzee, kwa hiyo brashi ingekaa salama Lamu, hewa yetu unaweza kuikamua ndoo.

#9 MzeeWaHanga
Unyevu ungeisaidia, chumvi ingeiua.

#10 Injinia_Bi_Mkomani
Salaam. Kazi yangu ni umeme na vyombo vya ndege, niko Nairobi ila kwetu ni Mkomani. Namuunga mkono Mzee, ila Caravan mnayoiona Manda ina brashi mpaka leo na iko salama. Pale kuna mashine moja inayofanya kazi mbili: wakati wa kuwasha ni stata, inaizungusha injini ya PT6 kwa umeme wa betri, injini ikishika, mashine ile ile inageuka kuwa jenereta. Kilo za mashine ya pili zimeokolewa. Faida hiyo ni ya DC, na kwa ndege ndogo ni kubwa kuliko hasara ya brashi.

Dash 8 imechukua njia zote mbili. Kwenye kila injini kuna stata-jenereta ya DC kwa kuwasha na kwa redio na vyombo, halafu jenereta ya AC imefungwa kwenye gia ya propela. AC hiyo inaachwa ipande na kushuka frikwensi kadiri propela inavyozunguka, kwa sababu kazi yake kubwa ni hita za kuzuia barafu, na hita haijali hezi ngapi. Joto ni joto.

#11 KapteniShela
Barafu? Ndege ya kuja Lamu?

#12 Injinia_Bi_Mkomani
Ndiyo Kapteni. Hata angani kwetu, ukifika kama futi 16,000 maji yanaganda. Dash 8-400 inaweza kupanda mpaka futi 25,000. Jua la Shela halifiki huko likiwa na joto lake. Caravan nyingi huja zikiwa chini ya hapo.

#13 FundiSola_Langoni
Shukran dada. Kumbe hata ninyi mmekubali hita haijali. Basi hita ingechukua DC vile vile. Bado sijajibiwa #4.

#14 Mtoto_wa_Poli
Nipo chuoni nasomea umeme. Fundi, jibu la #4 ni swichi. AC hupita sifuri mara mbili kila mzunguko, kwa hezi 400 ni mara 800 kwa sekunde. Ukizima swichi, cheche inakosa chakula yenyewe. DC haina sifuri. Cheche ikishaanza inaendelea kuwaka mpaka pengo liwe pana. Na juu angani hewa nyepesi inaruhusu cheche kuruka pengo kwa volti ndogo kuliko hapa chini. DC ya volti 270 kwenye swichi ya kawaida huko juu ni moto unaosubiri nafasi.

#15 FundiSola_Langoni
Hapo umenigusa. Nimeitwa nyumba moja Matondoni, mtu aliyefunga kabla yangu alitumia bureka ya AC upande wa paneli. Mwenye nyumba alipozima mchana wa jua kali, bureka iliendelea kuwaka ndani kama mashine ya kuchomea, plastiki ikayeyuka yote. Ile ile bureka ukiifunga upande wa AC inakata bila kelele. Lakini bureka za DC zipo, na ninazifunga kila siku. Ni tatizo lenye dawa.

#16 Mtoto_wa_Poli
Zipo kwa nyumba. Uzito wake je?

#17 Mwalimu_Fizikia_MLD
Uzito ndio wenyewe, na ndio unaoeleza zile hezi 400. Transfoma ya hezi 50 inahitaji chuma kingi kwa sababu usumaku una muda mrefu wa kujaa kabla haujageuka. Ukipandisha hezi mara 8, chuma kinachohitajika kinashuka karibu kwa kiasi hicho hicho. Mota nazo vivyo hivyo. Kanuni: mizunguko kwa dakika ni 120 mara hezi, gawanya kwa idadi ya pole, yaani ncha za sumaku. Mota ya pole mbili kwa hezi 50 haiwezi kupita 3,000. Kwa hezi 400 inafika 24,000. Mota inayozunguka kasi hivyo inatoa nguvu kubwa ikiwa na umbo la kushikwa mkononi.

#18 BintiNgomeni
Mwalimu, basi kwa nini wasiende hezi 1,000? Au 5,000? Kama kupanda ni faida, nani aliweka breki kwenye 400?

#19 Mwalimu_Fizikia_MLD
Waya. Waya wowote huuzuia umeme unaogeuka, na kizuizi hicho hupanda sawasawa na hezi. Kwa hezi 400 ni mara 8 ya kile cha hezi 50. Ndiyo maana huwezi kuleta hezi 400 kutoka Rabai mpaka Lamu, ila ndani ya ndege waya ni mfupi. Chuma nacho kinaanza kuchemka ukizidisha. 400 ni mahali pa kukubaliana.

#20 MzeeWaHanga
Mwalimu, hesabu yako ni nzuri, ila 400 ilikuwepo kabla watu hawajabeba mizigo mizito ya AC. Mimi nimezishika ndege za zamani ambazo umeme wote ni DC, na bado zina inveta ndogo ya kutengeneza hezi 400. Ya nini? Ya jairo. Vyombo vya kumwonyesha rubani upeo wa macho na uelekeo vina gurudumu linalozunguka kasi sana, na kasi hiyo inapatikana kwa mota ndogo ya hezi 400. Ukisoma ile 24,000 ya Mwalimu hapo juu, hiyo ndiyo kasi ya gurudumu la jairo. Kwangu mimi 400 ililetwa na vyombo, jenereta zikafuata.

#21 Injinia_Bi_Mkomani
Ami, sina hakika kwamba vyombo ndivyo vilivyotangulia. Niliyosoma ni kwamba wanajeshi wa wakati wa vita walikuwa na frikwensi chungu nzima, kila kiwanda na yake, na 400 ilishinda kwa sababu ilibidi moja ishinde. Baada ya hapo viwanja vyote vikaweka vigari vya hezi 400, na kubadilisha kukawa ghali. Sababu ya Mwalimu inaeleza kwa nini si 50. Haielezi kwa nini si 380 au 500.

#22 Mwalimu_Fizikia_MLD
Na ya jairo nayo haielezi. Gurudumu lingezunguka kwa 500 bila shida.

#23 MzeeWaHanga
Nimeshika jairo kwa mkono. Wewe Mwalimu umeshika chaki.

#24 AbuMtepe
Uzi umepamba moto 😂 Chai ya tangawizi iko wapi?

#25 KapteniShela
Mimi nataka kujua kitu kingine. Injini ya ndege mara inanguruma mara inapunguzwa. Jenereta ya hapa nyumbani ikipunguza mwendo taa zinalegea na feni inalia. Hezi 400 zinakaaje pale pale?

#26 Injinia_Bi_Mkomani
Swali zuri sana. Kati ya injini na jenereta kuna gia ya mafuta, pampu na mota za haidroliki, inayojirekebisha yenyewe: injini ikienda kasi inapunguza, ikienda pole inaongeza, jenereta haijui kilichotokea. Siku hizi gia na jenereta vimewekwa kwenye kasha moja. Ni kifaa cha ajabu, ila ni kizito, kina mafuta yake na kinahitaji kuangaliwa sana.

Sasa Fundi, hapa ndipo nakupa nusu ya ushindi. Boeing 787 imeitupa gia hiyo. Jenereta zake, mbili kwa kila injini, kVA 250 kila moja, zinatoa AC ya volti 235 inayocheza kati ya hezi 360 na 800. Vifaa vingi havijali. Vile vikubwa vinavyojali, kama mota za kujaza hewa kabini, vinapewa umeme ulionyooshwa kwanza kuwa DC ya juu, chanya na hasi 270. Volti zako za #4 zipo, zinaruka. A380 nayo ilikuwa tayari imeiacha hezi isiyobadilika kabla yake.

#27 FundiSola_Langoni
Alhamdulillah! Nilisema. Na hizo 787 ziko Nairobi kwetu, Kenya Airways wanazo.

#28 Mtoto_wa_Poli
Ngoja kwanza bro, jenereta yake bado ni AC. Imenyooshwa njiani. Mzee alisema #7, ni suala la wapi unageuza. Na usisahau 787 ndiyo iliyosimamishwa dunia nzima Januari 2013 kwa ajili ya betri za lithiamu zilizochemka, moja Boston na nyingine ndani ya ndege iliyotua kwa dharura Takamatsu, Japani. DC nayo ina moto wake.

#29 FundiSola_Langoni
Betri ile ilikuwa na kasoro zake, usiitie DC nzima kwenye kesi. Lithiamu nafunga kila wiki.

#30 BintiNgomeni
Kwetu Ngomeni kuna majukwaa ya San Marco baharini, wazee wanasimulia roketi zilizorushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa kumbukumbu ya siku ya uhuru wa Kenya, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei za angani. Ile ilikuwa na paneli za sola, na paneli hutoa DC. Hakuna injini ya kuzungusha kitu huko. Kwa hiyo naona kanuni iko wazi: chanzo chako kikizunguka, AC inakuja yenyewe. Chanzo kikiwa jua au betri, DC inakuja yenyewe. Ndege ina vyote viwili, injini na betri, basi ina mikondo yote miwili.

#31 Mwalimu_Fizikia_MLD
Binti, hiyo nitaifundisha darasani, kwa ruhusa yako.

#32 MzeeWaHanga
Ahsante mwanangu. Na hapo kwenye betri ndipo pa kuangaliwa zaidi, kwa sababu AC haiwekwi akiba. Betri ya ndege ni volti 24: seli 12 za risasi za volti mbili mbili, au seli 20 za nikeli-kadimiamu za volti 1.2. Jenereta inatoa 28 ili iweze kuijaza. Siku jenereta zote zimekufa, kinachobaki ni hiyo betri, na inveta ndogo inayoitoa DC hiyo na kuirudisha AC kwa vyombo vichache tu. Kila kitu cha starehe kinakatwa. Kwenye 737 betri moja iliyojaa inatakiwa kukupa dakika 30 angalau.

#33 KapteniShela
Na injini zinazima?

#34 MzeeWaHanga
La. Injini ya Cessna ya pistoni ina magneto zake, mashine ndogo za kutoa cheche, plagi zinawaka bila betri. PT6 ikishashika moto inaendelea yenyewe, umeme ni wa kuwashia. Wewe Kapteni boti yako ikiisha betri si unavuta kamba unarudi nyumbani?

#35 KapteniShela
Navuta mpaka bega linalia Mzee 😅

#36 Mtoto_wa_Poli
Kuna pia ile propela ndogo inayoshuka kutoka tumboni na kuzungushwa na upepo. Airbus A320 iliyotua mto Hudson tarehe 15 Januari 2009 ilikuwa nayo, lakini rubani Sullenberger aliwasha pia injini ndogo ya mkiani haraka sana, na hiyo ilibakisha AC kwa kompyuta za usukani. 737 haina propela hiyo.

Tena kuna 747 ya Qantas ikikaribia Bangkok, 7 Januari 2008. Maji ya jikoni la ndege yalivuja yakaingia kwenye vifaa vya umeme, AC ikapotea kwenye njia kuu tatu kati ya nne. Walitua salama, betri zikiwa zinabeba sehemu ya vyombo.

#37 FundiSola_Langoni
Maji ya jikoni! Hapa mimi napigana na chumvi ya kaskazi kwenye kila kiungo. Kiungo cha shaba na aluminiamu Lamu hakimalizi mwaka bila kuota kijani. Wa Manda wanafanyaje?

#38 Injinia_Bi_Mkomani
Ndege zinazolala pwani zinaoshwa kwa maji baridi mara nyingi zaidi, viungo vinapakwa grisi ya kinga, na waya za kuunganisha bodi zinapimwa ukinzani. Hili la mwisho ni kubwa, maana ndege ya aluminiamu haina waya wa hasi wa kurudi. Bodi nzima ndiyo hasi ya DC, na ndiyo nyutro ya AC. Mikondo miwili inarudi kupitia bati moja bila kusumbuana. Kiungo kikiota kutu, vifaa vinaanza kufanya visa na unatafuta ugonjwa mahali sipo.

#39 AbuMtepe
Na ile 787 ya Fundi? Nimesikia si ya bati, ni faiba ya kaboni.

#40 Injinia_Bi_Mkomani
Kweli. Kaboni haipitishi vizuri, kwa hiyo imebidi wafunge mtandao wa chuma ndani ya bodi, kazi yake kurudisha mkondo tu. Uzito waliouokoa kwenye bodi, kiasi wameurudisha kwa waya.

#41 KapteniShela
Basi ni sawa na boti zetu za faiba. Kila taa waya mbili kutoka kwenye betri, ukisahau ya hasi hakuna kitu.

#42 FundiSola_Langoni
Nashukuru wote. Bado nasimama kwamba ndege za kesho zitakuwa DC ya juu kutoka jenereta mpaka mota, na kunyoosha kutafanyika mlangoni mwa jenereta. Injinia, bureka ya DC ya volti 270 inayofaa kuruka inakata cheche kwa njia gani, sumaku au elektroniki? Nina mteja Kipungani anataka mfuatano wa paneli mrefu kuliko niliowahi kufunga na sitaki yale ya Matondoni.

#43 Injinia_Bi_Mkomani
Zote mbili zipo. Sumaku huivuta cheche pembeni kwenye vijiti vinavyoikatakata vipande, na kwa mikondo midogo transista hukata bila kufungua kitu. Yako ya Kipungani ichague ya sumaku, ila angalia alama ya chanya na hasi juu ya kasha. Nyingine zikifungwa kinyume, sumaku inaisukuma cheche ndani badala ya nje.

#44 Mwalimu_Fizikia_MLD
Na kuhusu 400, Mzee, bado hatujamaliza.

#45 MzeeWaHanga
Njoo baada ya Alasiri na hesabu zako. Jairo ninayo, mota yake bado inazunguka.